Kamera ya dashibodi kwa gari la nyumbani Mbeya: taa kuwaka si kurekodi

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, kamera ya dashibodi ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani. Kwa mwenye Noah, Probox au Fuso inayopiga kazi kati ya Tunduma na Makambako, naiona ni ya lazima. Lakini kifaa hiki kina tabia moja mbaya: kinakufa kimya kimya. Redio ikifa dereva atajua. Taa ya breki ikiungua trafiki atamwambia. Kamera inaweza kukaa kwenye kioo mwaka mzima, taa yake inamulika, skrini inaonyesha barabara vizuri, na kwenye memori, ile kadi ndogo ya kuhifadhia video, hakuna hata dakika moja ya mwezi huu. Siku lori linakosa breki kwenye mteremko wa Iwambi na kulisukuma gari la familia mtaroni, mtu anachomoa memori, anaifungua kwenye kompyuta na kukuta safari za Pasaka. Ya leo haipo.

Taa kuwaka si kurekodi. Waambieni nyumbani hivyo hivyo, kisha warudieni tena.

Mtego wa mtikisiko

Kamera hurekodi vipande vifupi vya dakika 1, 3 au 5, kwa jinsi ulivyoipanga. Memori ikijaa, kipande cha zamani kuliko vyote kinafutwa ili kipya kipate nafasi. Mpaka hapo mambo yako sawa. Balaa linaletwa na kihisi cha mtikisiko, kile ambacho kwenye menyu kimeandikwa G-sensor. Kazi yake ni kutambua mgongano: gari likipata pigo, kihisi kinakifunga kipande cha wakati huo ili kisifutwe kwenye mzunguko. Kwenye lami tambarare ya Uingereza, kihisi kilichowekwa kiwango cha juu kitafunga kipande kimoja kimoja kwa nadra, na hakuna atakayeona tatizo.

Sasa kipeleke kifaa hicho hicho Mbeya. Kati ya Uyole na Mbalizi kuna matuta, kuna rasta, kuna michepuo ya vumbi palipo na ujenzi wa barabara ya njia nne. Ukiacha lami na kupanda Matamba kutoka Chimala, au kwenda kupakia viazi Uporoto, kila korongo ni pigo. Kihisi hakijui tofauti ya tuta na lori. Kinafunga tu.

Fanya hesabu uone. Kamera ya ubora wa 1440p (picha yenye nukta 1440 kwenda juu) hutumia kama megabiti 20 kwa sekunde, yaani karibu MB 150 kwa dakika, GB 9 kwa saa. Memori ya GB 64 inabeba saa sita na nusu hivi. Ukiwa umepanga vipande vya dakika 3, kila kimoja kina MB 450, na vipande kama 130 vinaijaza memori nzima. Barabara mbovu ikifunga kipande kimoja katika kila viwili, baada ya saa 13 za kuendesha memori yote imejaa vipande vilivyofungwa. Hizo ni siku mbili za kazi kwa dereva wa kawaida. Siku ya tatu kamera haina pa kuandika.

Kinachofuata hutegemea aina ya kamera. Nyingi za bei rahisi zinaacha kurekodi, zinaonyesha maandishi madogo kwamba kadi imejaa, kisha skrini inazimika yenyewe baada ya dakika moja kama ilivyopangwa na dereva haoni kitu. Zile nzuri zaidi zimetenga sehemu ya memori kwa ajili ya vipande vya matukio, na sehemu hiyo ikijaa zinafuta tukio la zamani kuweka jipya. Inaonekana ni afadhali, lakini fikiria: ajali imetokea Jumatatu asubuhi, kipande kimefungwa vizuri, gari likaendelea na safari kwa sababu liliguswa tu bampa. Jumanne linapita kwenye michepuo, matuta arobaini yanafungwa, na ajali ya Jumatatu inasukumwa nje. Kwa hiyo bei kubwa haikuokoi kwenye mtego huu. Kinachookoa ni mipangilio, na mipangilio unaifanya wewe kabla ya kufunga boksi.

Weka kihisi kwenye kiwango cha chini kabisa. Kama gari linaenda vijijini mara kwa mara, kizime kabisa na umfundishe dereva kubonyeza kitufe cha kufunga kipande kwa mkono. Panga vipande vya dakika 1, visiwe vya 3 wala 5, kwa sababu tuta likifunga kipande linakula MB 150 badala ya 450, na pia faili moja likiharibika unapoteza dakika moja tu. Halafu memori ifomatiwe kila baada ya wiki mbili kwa gari la biashara, kila mwezi kwa gari la nyumbani. Ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, kwenye menyu yake, wala si kwenye kompyuta ya jirani, maana kadi inayozidi GB 32 kompyuta inaweza kuipa mfumo ambao kamera haiutaki, na hapo unarudi kule kule: taa inawaka, hakuna kinachoandikwa.

Memori

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, na ndipo ndugu zetu wanapotuangusha bila kukusudia. Shemeji anachomoa memori ya kamera anaijaza nyimbo za kwaya aichomeke kwenye redio. Mdogo wako anaiazima aweke kwenye simu. Kisha inarudishwa kadi nyingine ya GB 16 iliyokuwa kabatini, "si zinafanana tu". Shemeji zangu, wadogo zangu, hazifanani. Kadi ya simu inaandikwa mara chache na kusomwa mara nyingi. Kadi ya kamera inaandikwa kila sekunde gari likiwaka, inazungushwa tena na tena, na ile ya kawaida inachoka ndani ya miezi. Ikichoka haitoi taarifa. Inapokea data na kuitupa.

Nunua kadi iliyoandikwa High Endurance au Max Endurance, yenye alama ya U3 au V30, maana yake inahimili kuandika angalau MB 30 kwa sekunde. Nunua kwenye duka lenye jina, siyo kwa muuzaji asiyejulikana mtandaoni, kwa sababu kadi bandia zimejaa kila mahali, huku Ulaya na huko Kariakoo pia. Kadi bandia ya GB 256 inaweza kuwa na GB 32 za kweli. Inajitambulisha kwa uongo, na data inayozidi zile 32 inapotea bila kelele. Ijaribu kabla ya kuituma: kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Mac au Linux tumia F3. Programu inaijaza kadi nzima kisha inaisoma tena kuhakiki. Inachukua saa kadhaa. Iache usiku kucha.

Ukubwa? Kamera yenye jicho la mbele na la nyuma inatumia kama GB 13 na nusu kwa saa. Kadi ya GB 128 inakupa saa tisa hivi. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kwa foleni ya Kitonga saa tisa hazitoshi. Anayesafiri mbali achukue GB 256, baada ya kuhakiki kwamba kamera inaikubali. Kiwango cha mwisho kimeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Na nunua kadi mbili. Ya pili ikae kwa mama au kwa mtu mwenye nidhamu, ndani ya bahasha iliyoandikwa KAMERA YA GARI, USIGUSE.

Umeme

Kamera za zamani na nyingi za bei ya chini zina betri ndogo ya lithiamu ndani. Gari likikaa juani Ruaha Mbuyuni au Kyela, betri hiyo inavimba, na ikishavimba kamera haimalizi kuandika faili la mwisho umeme unapokatika. Faili la mwisho ndilo la ajali. Mgongano mzito wa mbele unaweza kukata umeme wa gari papo hapo, kwa hiyo kamera lazima iwe na akiba yake ya kufungia faili. Chagua yenye kapasita badala ya betri, kwenye boksi huandikwa supercapacitor. Haitunzi umeme wa kurekodi saa nzima, inatunza sekunde chache za kumalizia kuandika, na ndizo unazozihitaji. Faida nyingine, kifaa kisicho na lithiamu hakikuletei maswali kwenye mizigo ya ndege.

Gari dogo lina volti 12. Fuso, Scania na Coaster nyingi za dizeli zina volti 24. Chaja ya kuchomeka kwenye sigareti laita nyingi zimeandikwa 12–24V na hazina shida, lakini soma uhakikishe. Ya volti 12 pekee ikichomekwa kwenye Fuso inaweza kuungua mara moja.

Tatizo la sigareti laita ni watu. Dereva anachomoa kamera achaji simu, anafika Igurusi anasahau kuirudisha. Kwa hiyo fundi umeme avute waya kutoka kwenye boksi la fyuzi. Ni nusu saa ya kazi. Awekewe masharti haya: achukue umeme kwenye fyuzi ya redio au ya sigareti laita, asiguse ya eabegi, ABS wala kompyuta ya injini, atumie kishikizo cha fyuzi chenye fyuzi yake ya ampea 3 au 5, asikwangue waya na kufunga selotepu, na kama nguzo ya kioo ina eabegi, waya upite nyuma ya eabegi, usipite mbele yake, maana ikifyatuka itaurusha waya usoni kwa mtu.

Halafu kuna ile hali ya kulinda gari likiwa limeegeshwa. Wanadiaspora wengi wanaipenda sana, wanataka kuona nani kakwaruza gari la baba yao sokoni Mwanjelwa. Hesabu inakataa. Kamera inakula kama ampea 0.35 ikiwa inarekodi. Kwa siku tatu ni zaidi ya ampea-saa 25, na betri ya NS60 ina 45 tu ikiwa mpya. Ongeza baridi ya Juni na Julai, betri yenye miaka mitatu, na mzee aliyekwenda msibani kwa basi akaacha gari. Jumatatu halistatiki, na fundi wa kwanza atakayeitwa atamwambia "hii kamera ndiyo mbaya, tuitoe". Gari likilala ndani ya geti, zima hali hiyo. Kama ni lazima, fundi aunge waya zote tatu, wa kudumu, wa swichi na wa bodi, na kipimo cha kukata umeme kiwekwe volti 12.4, au 24.8 kwa lori. Kisiachwe kwenye 11.8 ambako betri ya zamani inakuwa imeshachoka.

Namba ya gari, mchana na usiku

Wauzaji wanauza "4K" na nyuzi 170 kana kwamba upana ni sifa. Upana ndio unaoua namba. Kibao kirefu cha sentimita 52 kikiwa mita 10 mbele yako kinachukua kama nyuzi 3 za mtazamo. Kamera ya 1080p yenye lenzi ya nyuzi 140 inakipa nukta kama 41 kwa upana. T, tarakimu tatu na herufi tatu ni alama saba: kila moja inapata nukta sita hivi, na hapo B, 8 na D zote zinafanana. Kwa 1440p, gari likiwa mita 5, kila alama inapata kama nukta 16 na namba inasomeka. Kwa hiyo ninachoshauri ni 1440p mbele, lenzi isiyozidi nyuzi 140, na 1080p nyuma. 4K ni nzuri ukiwa tayari kununua memori kubwa na kukubali kamera inayopata joto zaidi, ila angalia jina la kihisi cha picha kwanza. 4K ya kweli inahitaji megapikseli 8, kama IMX415 au IMX678 za Sony. Kamera yenye IMX335 ina megapikseli 5. Ikijiita 4K imekuza picha tu.

Usiku ni habari nyingine. Giza linapoingia, kamera inafungua jicho kwa muda mrefu zaidi, mara nyingine sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Lori linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linasogea sentimita 74 ndani ya muda huo. Namba inakuwa mstari mweupe. Vihisi vya picha vya STARVIS 2 vinasaidia, havifanyi miujiza. Dawa yake haina gharama: acha maikrofoni imewashwa na mfundishe dereva aitaje namba kwa sauti, pamoja na rangi ya gari na mahali. "T mia mbili kumi, lori jekundu, Mlima Nyoka, linaelekea Uyole." Sauti hiyo inaingia kwenye faili lile lile, na saa ile ile. Abiria waambiwe kwamba kuna maikrofoni. Ni heshima, na inapunguza maneno baadaye.

Kamera ibandikwe nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofutwa na waipa. Tukuyu mvua haiulizi mwezi, na ukungu wa Mufindi unajulikana. Kamera iliyobandikwa nje ya njia ya waipa inarekodi matone. Isikae nyuma ya stika ya Nenda kwa Usalama wala kwenye ukanda wa tinti.

Saa na tarehe

Kamera iliyonunuliwa London au Birmingham ina saa ya huko. Yenye GPS inachukua muda kutoka satelaiti, lakini ukanda wa saa inausubiri kwako. Weka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, na zima kipengele cha kubadili saa za kiangazi, la sivyo Machi kamera itajisogeza saa moja mbele na video itagombana na maelezo ya askari. Weka mfumo wa saa 24. Gari likikaa bila kuwashwa wiki kadhaa, baadhi ya kamera zisizo na GPS zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani, kwa hiyo hili nalo liangaliwe.

Kasi ikiandikwa kwenye video, iache. Lakini dereva ajue kwamba inamwangalia na yeye. Akipita Igawilo na 68 penye ukomo wa 50, video ile ile aliyodhani itamtetea itasomwa na upande wa pili pia. Wapo ndugu wanaodhani kamera ni wakili wa kukodi. Itasema ilichokiona.

Za laini ya simu

Kamera ya 4G inayokuonyesha gari ukiwa Leicester inavutia, na sipendekezi kwa wengi. Laini iliyokuja nayo kwenye kifurushi cha Uingereza haiwezi kutegemewa Tanzania. Toleo la soko la Marekani huenda lisiwe na masafa ya 4G yanayotumika kwetu. Laini ya nyumbani lazima isajiliwe kwa alama za vidole za mtu aliyeko kule. Kutazama moja kwa moja kwa megabiti 1 kwa sekunde kunakula karibu MB 450 kwa saa. Na kuna jambo la utu pia. Dereva anayechungulwa na bosi aliye ng'ambo kila akisimama kula chipsi Chimala atachomoa waya, na hapo umepoteza vyote viwili.

Epuka pia toleo la soko la ndani la China, hata kama bei ni nusu. Menyu na sauti zake ni Kichina, na programu yake ya simu inaweza kukataa akaunti ya nje.

Ajali ikitokea

Huku Uingereza ajali isiyo na majeruhi huwa ni ya watu wawili na kampuni zao za bima. Mnabadilishana majina na namba, mnapiga picha, kila mtu anaondoka. Polisi huenda wasifike kabisa. Video ya udereva mbovu unaituma polisi kwa intaneti ukiwa sebuleni, na watu wanafanya hivyo, jirani dhidi ya jirani, bila kuonana uso. Ni haki inayokwenda haraka, na ni ya upweke. Sitamani tuige yote. Ujerumani wao wanaogopa kamera kwa sababu wanakumbuka dola iliyowapeleleza raia wake, na mahakama yao kuu ya shirikisho ilibidi iamue, tarehe 15 Mei 2018, kwamba video ya dashibodi inaweza kupokelewa kwenye kesi ya madai hata kama kurekodi mfululizo kunakiuka sheria ya data. Ukivuka na gari lako kwenda Austria, izime kabisa.

Nyumbani watu wanasimama. Wanasaidia kuinua, wanatoa kanga ya kumfunika aliyeumia, na watatu kati yao wameona. Msiwafundishe ndugu kwamba kamera imechukua nafasi ya watu hao. Majina na namba za simu za mashahidi zichukuliwe kama zamani. PF3 na ramani ya ajali mnazijua.

Ila kuna mtego wa pili hapa, mkubwa kama wa kwanza. Gari likivutwa kupelekwa kituoni, kamera inakwenda nalo. Kila mtu akigeuza swichi, kulisogeza, kulikagua, kamera inawaka na kuandika upya. Ndani ya siku chache za uwanjani, kipande kisichofungwa kinaweza kufutwa na mzunguko wake wenyewe. Kwa hiyo majeruhi wakishahudumiwa, dereva au utingo abonyeze kufunga kipande, asubiri sekunde kumi, akate umeme wa kamera, kisha achomoe memori. Kwa mpangilio huo. Ukichomoa memori kamera ikiwa bado inaandika, faili la mwisho linaharibika.

Nakala ipelekwe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo mbele ya mtu mwingine, na kadi halisi isitumike tena. Usikate video, usiongeze maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, na mahakama inapoupima inaangalia ulitengenezwaje, ulitunzwaje na kama haujachezewa. Andikeni kwenye karatasi nani alichomoa kadi, saa ngapi, akamkabidhi nani. Askari akiichukua, muombe kwa adabu hati ya upokezi yenye sahihi. Ni haki yenu na hailazimu kugombana. Mkitumiana kwenye WhatsApp, itumwe kama dokyumenti. Ikitumwa kama video inabanwa, ubora unashuka na namba iliyokuwa inasomeka haisomeki tena.

Na tafadhali, isipandishwe TikTok. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na hata bila sheria, aliyelala barabarani ana mama yake.

Ukaguzi wa Jumamosi

Usiulize "kamera inafanya kazi?" Utajibiwa "ndiyo, taa inawaka". Ndugu zetu hawadanganyi, wanasema wanachokiona. Badala yake omba kitu kisichoweza kupatikana bila kurekodi: kila Jumamosi mtu aunganishe simu na waifai ya kamera, afungue orodha ya mafaili, akutumie picha mbili za skrini. Ya kwanza ionyeshe mafaili ya mwisho ya leo, na saa zake zifuatane dakika kwa dakika bila pengo. Ya pili ionyeshe folda ya vipande vilivyofungwa, kwa kamera nyingi inaitwa EVENT au RO. Ikiwa folda hiyo ina mafaili mengi kuliko wiki iliyopita na hakuna aliyegonga mtu, kihisi kiko juu mno au mtu amebadilisha mipangilio. Kishushwe, kadi ifomatiwe, iangaliwe tena Jumamosi ijayo.

Kazi hii apewe mmoja, kwa jina, na umlipie bando. Ukimwachia kila mtu, hakuna atakayeifanya.

Kuituma

Mpe mtu anayesafiri, pamoja na risiti. Kabla ya kufunga boksi iwashe mezani kwako kwa chaja ya USB kwa siku nzima, hakikisha imezunguka na kufuta vipande vya mwanzo yenyewe. Washa lugha mtakayoelewana nayo wote, weka masafa ya taa kwenye 50 Hz, badilisha nywila ya waifai, uiandike kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya kitabu cha maelekezo. Weka plasta ya ziada ya kubandikia, kwa sababu fundi wa kwanza ataibandika mahali pasipofaa na italazimu kubanduliwa.